Nagona: kusoma kwa sauti, pamoja na wenzako, riwaya inayosemekana haisomeki

Kuna vitabu vya Kiswahili ambavyo watu wengi wanavijua kwa jina lakini hawajavisoma. Riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni mojawapo. Ilitolewa na Dar es Salaam University Press mwaka 1990, na mwenzake, Mzingile, ikafuata mwaka 1991. Nagona ni nyembamba, ina kurasa 60 na kidogo tu, unaweza kuikunja ukaitia mfukoni. Hata hivyo waliosoma wanaiogopa. Wapo walimu wa Kiswahili walioifungua, wakafika ukurasa wa kumi, wakairudisha kabatini.

Ndugu msikilizaji, makala hii inaeleza kwa nini kitabu hicho ni kigumu, na namna ambavyo watu watano au wanane wenye nakala moja wanaweza kukisoma kwa sauti hadi mwisho. Tunawaza hasa wasikilizaji wetu wa Mahurunga na vijiji vya jirani huku bonde la Ruvuma. Duka la vitabu liko mbali na ukipata nakala ni moja, lakini jioni ni ndefu, hasa kipindi cha kulinda mpunga, watu wanapokesha kwenye madungu kuwafukuza viboko na nguruwe.

Mwandishi ni nani

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Lugha ya mama yake ni Kikerewe, Kiswahili alijifunza. Alisoma seminari, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), inahusu msichana wa kijijini anayelelewa kwa ukali na baba yake. Ilizua kelele nyingi, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Zikafuata Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Zote hizo mtu yeyote anayesoma gazeti anaweza kuzisoma. Zina watu wenye majina, vijiji, ndoa, vifo, na mambo ya siasa ya Ujamaa.

Mwaka 1974 alitoa pia Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Washairi wa jadi walimjia juu wakasema hayo si mashairi. Yeye alishikilia kwamba alitaka ushairi ukae karibu na lugha ya kila siku. Kumbuka jambo hilo, kwa maana baadaye alishutumiwa kwa kosa lililo kinyume kabisa: kwamba amewakimbia wananchi.

Katika miaka ya 1980 alikwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, akapata shahada ya udaktari mwaka 1985 kwa kazi kuhusu falsafa ya Kiafrika na tafsiri ya fasihi. Miaka mitano baadaye ikatoka Nagona. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Botswana kwa miaka mingi. Alifariki Januari 2020.

Ugumu uko wapi

Watu hudhani ugumu ni wa maneno. Sivyo. Sentensi za Nagona ni fupi, na Kiswahili chake ni cha kawaida. Mtu aliyemaliza darasa la saba ataelewa karibu kila sentensi ikiwa peke yake. Kinachomshinda ni kuziunganisha.

Msimulizi hana jina. Yuko safarini peke yake, na haelezwi ametoka wapi wala anatumwa na nani. Anafika mahali penye ukimya wa ajabu. Anakutana na watu waliokufa zamani, wakiwemo wanafikra wa Ulaya kama Plato, Marx na Freud. Kuna paa anayefuatwa na hakamatiki. Kuna mazungumzo juu ya ukweli, juu ya duara na kitovu chake, juu ya wazimu. Kuna ngoma kubwa inayongojewa. Jambo moja linaanza, linakatika, linaingia lingine kama katika ndoto. Ukitafuta ilikuwaje, ikawaje na ikaishaje, hutapata.

Wahakiki waliposoma, wengine waliuliza kama hii ni riwaya kweli. Wengine walisema imeandikwa kwa ajili ya maprofesa. Swali hilo ni zito kwa nchi yetu. Kiswahili ndiyo lugha tuliyojivunia kwamba mkulima wa Mtwara na daktari wa Dar es Salaam wanaitumia sawasawa. Mwandishi akiandika kwa lugha hiyo kitu ambacho mkulima hakielewi, je, amemdharau? Au sisi ndio tunaomdharau mkulima kwa kudhani hawezi?

Mwandishi wa makala hii ana maoni yake, na anayasema wazi: mkazi wa Mahurunga ana silaha za kusomea Nagona kuliko mwanafunzi wa mjini anayetafuta majibu ya mtihani.

Tazama vinyago. Wamakonde wengi wachongaji walivuka mto Ruvuma kutoka upande wa Msumbiji, wakaleta ufundi wao Tanganyika. Katika miaka ya 1950 mmoja wao, Samaki Likankoa, alianza kuchonga mtindo unaoitwa shetani. Kinyago cha shetani hakifanani na binadamu wa kawaida: jicho moja liko tumboni, mkono unatokea mgongoni, mdomo unageuka kuwa mguu. Hakuna anayekitazama akasema kimekosewa. Unakizunguka, unakitazama kutoka upande huu na upande ule, kila ukisogea unaona kingine. Nagona ni ya namna hiyo. Riwaya za mwanzo za Kezilahabi ni kama kinyago cha mzee mwenye mkongojo, unakitambua mara moja. Hii nyingine lazima uizunguke.

Tazama pia jando na unyago. Aliyepitia huko anajua kwamba wimbo huimbwa kwanza, na maana yake huja baadaye, kidogo kidogo, tena si kwa kila mtu. Hakuna mwali anayesimama katikati ya wimbo akadai aelezwe. Na katika Maulidi, Barzanji husomwa kwa Kiarabu. Wengi wa wanaosikiliza hawatafsiri neno kwa neno, lakini wanajua mahali pa kusimama na mahali pa kuitikia. Kukaa mbele ya maneno usiyoyaelewa yote, bila kuona aibu na bila kuondoka, ni jambo tunalolijua hapa tangu zamani. Shule ndiyo iliyotufundisha kwamba usipoelewa mara moja, wewe ni mjinga.

Kwa nini kwa sauti, na kwa nini pamoja

Kusoma kitabu kwa kikundi si jambo geni Tanzania, na redio imeshiriki sana katika historia hiyo. Mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Serikali iliendesha kampeni za elimu kwa kutumia vikundi vya kusikiliza redio. Iliyovuma zaidi ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, kisha mmoja aliyejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, wakaamua la kufanya. Vyoo vingi vilichimbwa kutokana na vikao hivyo. Wazee wengine wa vijiji vyetu bado wanakumbuka jina la kampeni hiyo.

Kitabu cha Mtu ni Afya kilikuwa rahisi, kiliandikwa ili kieleweke. Lakini utaratibu wenyewe wa msomaji mmoja, wasikilizaji wengi, kisha mjadala, unafaa hata kitabu kigumu. Pengine unafaa zaidi hicho.

Huko duniani mfano maarufu ni Finnegans Wake ya James Joyce wa Ireland. Aliiandika kwa miaka 17, ikatoka mwaka 1939, na ndani yake amechanganya Kiingereza na lugha nyingine nyingi hadi Mwingereza mwenyewe haelewi ukurasa wa kwanza. Ni ngumu mara nyingi kuliko Nagona. Kilichoiokoa ni vikundi vya kusoma kwa sauti. Huko California, Marekani, kikundi kimoja kilianza kuisoma mwaka 1995, kikisoma ukurasa mmoja au miwili kwa mwezi, kikafika ukurasa wa mwisho mwaka 2023. Miaka 28. Kisha wakaanza tena, maana sentensi ya mwisho ya kitabu hicho inaungana na ya kwanza. Joyce mwenyewe alirekodiwa mwaka 1929 akisoma sehemu ambamo wanawake wawili wanafua nguo, mmoja ng'ambo hii ya mto na mwingine ng'ambo ile, wakisengenya mpaka giza linaingia. Waliokwisha kuisikia sauti hiyo wanasema hawakuelewa kila neno lakini waliwasikia wale wanawake. Nadhani watu wanaoishi kando ya Ruvuma hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Sauti inafanya nini hasa? Ukisoma kimya na ukakwama, jicho linarudi nyuma, linarudi tena, mwisho unafunga kitabu. Ukisoma kwa sauti mbele ya watu huwezi kurudi kila mara. Unaendelea, na mbele kunatokea jambo linalotoa mwanga nyuma. Pia, Nagona ina mazungumzo mengi, na karatasini wakati mwingine humjui anayesema. Mdomoni lazima uchague. Ukichagua vibaya, wenzako watakuambia. Kubwa zaidi ni lile la kutokuwa peke yako. Mtu mmoja akikwama anadhani tatizo ni lake. Watu wanane wakikwama mahali pamoja wanacheka, na baada ya kucheka mmoja anasema, "Lakini huyu paa, mbona kila akionekana…" na kazi inaanza.

Namna ya kuendesha vikao

Hesabu kwanza. Ukurasa mmoja kwa sauti ya taratibu huchukua kama dakika tatu. Kitabu kizima, bila kusimama, ni saa tatu hivi, pungufu ya safari ya kwenda na kurudi mjini ukijumlisha kungoja gari. Lakini msikimbie. Kurasa tano kwa kikao, mara moja kwa wiki, zitawafikisha mwisho kwa wiki 12 au 13, sawa na Mtu ni Afya.

Chagueni majira. Msimu wa korosho, kuanzia kuokota hadi minada ya chama cha msingi, hakuna mwenye nafasi wala akili ya kusikiliza habari za duara na kitovu. Baada ya fedha kulipwa na kabla shamba halijabana ni wakati mzuri. Wengine watapenda dungu la mpunga, mradi pasiwe na upepo wa kuzima sauti. Saa nzuri kwa vijiji vyetu ni baada ya sala ya Isha, na mwanga wa taa ya sola unatosha. Tochi ya simu inachosha macho ya msomaji, itumike ikibidi tu.

Msomaji awe nani? Hapa vikundi vingi hukosea kwa kumpa kitabu aliyesoma sana. Mwenye kidato cha sita anaweza kuwa na sauti ya kusoma tangazo la mkutano. Mtafuteni mtu aliyezoea kusoma mbele za watu: anayesoma Maulidi, anayeongoza kwaya au kaswida, mama anayeanzisha nyimbo kwenye sherehe. Wawe wawili au watatu wanaopokezana, na kwenye mazungumzo kila mmoja ashike mtu wake. Msomaji apitie kurasa zake mchana ili asikwame usiku. Asiyejua kusoma asiachwe nje. Yeye ndiye msikilizaji mzuri kuliko wote, kwa sababu hana mazoea ya kutegemea karatasi. Atakumbuka jambo la wiki tatu zilizopita ambalo wasomaji wamelisahau.

Someni kurasa tano moja kwa moja bila mtu kukatiza. Kisha nyamazeni kidogo. Kisha someni tena ukurasa mmoja tu, ule ambao watu wanautaka. Mara ya pili ndipo masikio hufunguka.

Katika mjadala, msianze na swali la "maana yake nini". Swali hilo huwatia watu woga, na huyo anayejiona msomi huanza kutoa mhadhara. Anzeni na "umeona nini?" Mmoja atasema ameona njia isiyopitika. Mwingine ameona mji usio na sauti, akakumbuka kijiji kilichohamwa wakati wa operesheni ya vijiji vya Ujamaa. Hiyo si lazima iwe maana aliyoikusudia Kezilahabi, lakini ni mlango. Wiki zikienda mtajikuta mmefika kwenye maana bila kuitana kwa jina.

Mtu mmoja aandike kwenye daftari maswali yasiyojibiwa. Yasifutwe. Mengine yatajibiwa na ukurasa wa 40, mengine hayatajibiwa kabisa, na kikundi kikubali. Neno likiwatatiza, tazameni Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwishoni mwa kikao, si katikati. Kuhusu wale wanafikra wa Ulaya, mwalimu mmoja aombwe aeleze kila mmoja kwa dakika mbili: Plato alikuwa Mgiriki aliyeuliza ukweli ni nini, Marx alieleza matabaka na jasho la mfanyakazi, Freud aliwatibu watu kwa kusikiliza ndoto zao. Inatosha. Zaidi ya hapo mwalimu atageuza kibaraza kuwa darasa, na wiki inayofuata mtabaki watatu.

Mambo ya kuangalia

La kwanza ni dini. Nagona, na hasa Mzingile, zinazungumza juu ya Mungu, ukombozi na mwisho wa dunia kwa namna ya mafumbo. Katika Mzingile msimulizi anakwenda kumtafuta mzee anayeitwa Kakulu ili ampe taarifa ya kifo cha mwanawe. Wapo watakaoona humo kejeli kwa imani, Wakristo na Waislamu vilevile. Si vema kuwashtukiza. Kabla ya kuanza, mwambieni shehe au mchungaji kwamba mnasoma hadithi ya kubuni, na mkaribisheni aje asikilize. Akikataa, mmemheshimu. Mtu wa kikundi akiguswa vibaya na sehemu fulani, apewe nafasi aseme, na asilazimishwe kubaki. Hatupendekezi kuruka kurasa kimyakimya, kwa sababu kitabu kilichojaa mapengo tayari hakihitaji mapengo mengine.

La pili ni wanawake. Kikao cha usiku barazani kwa kawaida huwa cha wanaume. Kama kikundi kinataka sauti za akina mama, na kinazihitaji, basi muda na mahali vibadilike: alasiri, uani kwa mtu, wakati wa kupeta mchele au kubangua korosho za nyumbani. Mikono ikiwa na kazi, masikio husikiliza vizuri.

La tatu ni simu. Kijana mmoja atataka kurekodi kitabu chote na kukisambaza kwenye makundi ya WhatsApp. Nia yake ni nzuri, lakini kitabu hicho bado kinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hata baada ya mwandishi kufariki. Kusomeana barazani ni jambo moja, kusambaza nakala ya sauti ni jambo lingine. Rekodini mjadala wenu. Huo ni mali yenu, na mtu aliyekosa kikao kwa sababu alikuwa baharini au ng'ambo ya mto ataweza kujua mlifika wapi.

Baada ya Nagona

Mkifika mwisho, nusu ya kikundi itataka Mzingile mara moja na nusu itaomba kupumzika. Mzingile ni neno la zamani, linatokana na mzingile mwambiji, yaani njia zilizopindana ambazo anayeingia hupotea asijue pa kutokea. Baadhi ya wasomaji wanaiona rahisi kidogo kuliko Nagona kwa sababu safari ya msimulizi ina lengo linalotajwa, na kwa sababu kuzaliwa kwa Kakulu kunasimuliwa kama ngano za bibi. Sehemu hiyo ya kuzaliwa inafaa sana kusomwa mbele ya watoto wakubwa.

Wanaotaka njia laini zaidi waanze na Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi mwenyewe ya mwaka 1974, iliyo na kijiji, familia na maswali mazito lakini hadithi yake inashikika. Waliopenda kuhangaika wana vitabu vingine vya mkondo huu: Ziraili na Zirani ya William Mkufya (1999), inayokwenda hadi ulimwengu wa wafu, Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar (2001), na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya (2002), ambayo ina ucheshi mwingi na huwachekesha watu ikisomwa kwa sauti. Nakala zikiadimika, ulizeni maktaba ya mkoa mjini Mtwara au mwalimu wa Kiswahili wa sekondari iliyo karibu. Mara nyingi mwalimu ana nakala yake ya chuo iliyokaa kabatini, yenye alama ya kalamu hadi ukurasa wa kumi.